Kila Namba Ina Kwao

Sensa ya mwaka 2002 ilihesabu watu wapatao milioni 2.8 mkoani Shinyanga. Sensa ya 2012 ikawakuta 1,534,808. Mtu aliyekabidhiwa majedwali hayo mawili na kuambiwa aandike aya moja kuhusu mwenendo wa idadi ya watu anaweza, bila nia yoyote mbaya, kuandika kwamba mkoa ulipoteza zaidi ya watu milioni moja ndani ya miaka kumi, kisha akaanza kutafuta sababu: ukame, bei ya pamba, vijana kukimbilia machimboni. Sababu zote hizo zinaingia akilini, na hatari iko hapo hapo. Watu hao hawakwenda popote. Kilichohama ni mpaka. Mwaka 2012 Bariadi, Maswa na Meatu ziliingia mkoa mpya wa Simiyu, na Bukombe, pamoja na Mbogwe iliyomegwa kutoka humo, zikaingia mkoa mpya wa Geita. Shinyanga ya jedwali la kwanza na Shinyanga ya jedwali la pili ni mikoa miwili yenye jina moja. Wa kuligundua hilo kabla ripoti haijachapwa ni msaidizi wa utafiti, kwa sababu yeye ndiye aliyeyafungua majedwali yenyewe. Wengine wote watasoma aya yake tu.

Makala haya yanamlenga kijana aliyemaliza chuo, au anayekaribia kumaliza, anayetaka kazi ya usaidizi wa utafiti wa sera Shinyanga, Kahama au Geita, au kwa mwajiri wa Dar es Salaam na Dodoma atakayemtuma huku. Tangazo la kazi hiyo huorodhesha mengi: kukusanya takwimu, kupitia nyaraka, kuandaa majedwali, kuandika rasimu, kuratibu mikutano ya wadau. Orodha ni ya kweli, ila haisemi ni kipi kikikosekana kazi nzima inaoza. Hoja yangu ni moja. Kazi ya msaidizi ni kujua kwao kila namba: ilizaliwa wapi, ilihesabu nani, iliacha nani, na ilipita mikononi mwa nani kabla ya kufika mezani. Mtafiti mkuu anafikiria hoja, mkurugenzi anafikiria mfadhili, mwanasiasa anafikiria wapigakura. Katika mnyororo huo hakuna mwingine aliyepangiwa kuijua namba tangu utoto wake. Msaidizi akiacha kuijua, hakuna atakayeijua, na siku ikiulizwa hadharani itakuwa yatima.

Chukua namba ambayo kila anayeandika kuhusu wasichana wa kanda hii hukutana nayo wiki ya kwanza: asilimia 59. Imebebwa na hotuba na maandiko ya miradi kwa miaka mingi, mara nyingi kwa sentensi ya aina moja, kwamba asilimia 59 ya wasichana wa Shinyanga huolewa wakiwa watoto. Irudishe kwao. Ilitoka kwenye utafiti wa kitaifa wa afya na demografia wa mwaka 2010. Waliohesabiwa ni wanawake waliokuwa na miaka 20 hadi 24 wakati huo, na swali lilikuwa kama waliingia kwenye ndoa, au walianza kuishi na mume, kabla ya kutimiza miaka 18. Kwa hiyo namba hiyo inasimulia ndoa zilizofungwa miaka kadhaa kabla ya 2010. Msichana aliyeko darasani leo hayumo ndani yake. Na Shinyanga ya 2010 ni ile kubwa, yenye Bariadi, Maswa, Meatu na Bukombe tumboni mwake. Ukitaka kusema hali imepungua au imezidi, huwezi kuiweka kando ya namba ya mkoa wa leo ukatoa moja kwa nyingine kana kwamba unapima gunia lile lile mara mbili. Hakuna katika haya kinachosema tatizo ni dogo. Mahakama Kuu ilitamka Julai 2016, katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, kwamba vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, vilivyoruhusu msichana kuolewa kabla ya miaka 18, vinakiuka Katiba, na Mahakama ya Rufani ikauthibitisha uamuzi huo Oktoba 2019. Jambo lenye uzito wa kufika huko linastahili namba isiyoweza kuangushwa na swali moja la diwani mwenye kumbukumbu nzuri.

Mfano mkubwa zaidi ulitokea kwenye dhahabu ya kanda hii. Machi 2017 Serikali ilizuia kusafirisha nje makinikia, yaani mchanga uliochakatwa wenye shaba, dhahabu na fedha, yaliyokuwa yakitoka Bulyanhulu na Buzwagi, migodi yote miwili ikiwa upande wa Kahama. Makontena 277 yalikuwa bandarini Dar es Salaam. Tarehe 24 Mei kamati ya Profesa Abdulkarim Mruma ikatangaza kwamba sampuli zake zilionyesha wastani wa gramu 1,400 za dhahabu kwa tani, wakati nyaraka za usafirishaji zilionyesha takribani gramu 200. Fuata hesabu hiyo kwa kalamu yako. Kontena moja hubeba kama tani 20. Gramu 1,400 mara 20 ni kilo 28. Kilo 28 mara makontena 277 ni tani 7.8. Kamati ya pili, ya Profesa Nehemiah Osoro, ikapiga hesabu za makontena yaliyosafirishwa tangu 1998. Julai mwaka huo kampuni ya Acacia, iliyokuwa ikimiliki migodi hiyo, ikapelekewa madai ya kodi, adhabu na riba ya takribani dola bilioni 190. Kampuni ilikanusha. Januari 2020 Serikali na kampuni ya Barrick, iliyokuwa imeichukua Acacia mwaka uliotangulia, wakatia saini makubaliano ya Barrick kulipa dola milioni 300, na kampuni ya pamoja, Twiga, ikaundwa huku Serikali ikiwa na hisa za asilimia 16.

Msaidizi wa utafiti hana haja ya kuamua nani alikuwa sahihi ili ajifunze kutokana na hayo. Aangalie jinsi hesabu ilivyojengwa. Chini kabisa kuna kipimo kimoja, gramu kwa tani, kilichotokana na sampuli. Juu yake kuna tani za kontena, juu yake idadi ya makontena, juu yake miaka karibu ishirini, juu yake viwango vya kodi, adhabu na riba. Kila ghorofa ni kuzidisha, na kosa lililoko kwenye msingi hupanda ngazi zote bila kupungua hata tone. Kwa hiyo maswali yenye thamani yako chini: sampuli zilichotwa kwenye makontena mangapi, sehemu gani ya kontena, na nani alikuwepo, zilipimwa maabara gani, je, upande wa pili ulibaki na nusu ya sampuli hiyo hiyo ili upime wenyewe? Watu wengi walibishana kuhusu bilioni 190, ambayo ni paa. Waliouliza kuhusu msingi walikuwa wachache. Yupo atakayesema kwamba mwisho wa mambo ulikuwa mazungumzo ya wakubwa na si hesabu. Atakuwa na haki kwa sehemu. Lakini hata kwenye meza ya mazungumzo, upande unaoweza kuonyesha kwao kila namba yake husogezwa kwa shida, na upande usioweza husogezwa kwa urahisi.

Kuna mtego mwingine ambao ukanda huu unautega mara kwa mara: kanuni ya kuhesabu inabadilika, namba inaruka, na mwandishi anadhani maisha ndiyo yaliyobadilika. Mwanzoni mwa 2019 wachimbaji wadogo waliondolewa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5, na Machi mwaka huo soko la dhahabu likafunguliwa Geita, mikoa mingine ikafuata. Dhahabu ya wachimbaji wadogo iliyoandikwa vitabuni ikaongezeka. Je, mwamba ulianza kutoa zaidi, au dhahabu iliyokuwa ikipita uchochoroni sasa inapita dirishani? Hayo ni mambo mawili tofauti, na sera inayotokana na la kwanza haifanani na inayotokana na la pili. Vivyo hivyo kwenye mapato ya halmashauri. Kwa miaka mingi mikataba ya migodi mikubwa iliweka ushuru wa huduma kuwa dola 200,000 kwa mwaka, mgodi uuze kidogo au uuze sana. Baadaye malipo yakaanza kufuata sheria ya fedha za serikali za mitaa, yaani asilimia 0.3 ya mauzo. Mchoro wa mapato utaonyesha ngazi iliyopanda ghafla. Asiyeujua mkataba ataandika kwamba uzalishaji ulipaa. Anayeujua ataandika sentensi fupi inayomwonya diwani: mapato yakifuata mauzo, basi yatashuka pia mgodi ukifunga, kama Buzwagi ilivyoacha kuzalisha mwaka 2021.

Sasa tufike kwenye utendaji. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na takwimu ni mali. Tangu siku ya kwanza fungua jedwali moja la kompyuta na uliite daftari la asili. Kila namba inayoingia kwenye rasimu ipate mstari wake: namba yenyewe, waraka ilikotoka na ukurasa, mwaka ilipokusanywa (ambao si mwaka ilipochapishwa), nani alihesabiwa, mipaka ya eneo ilivyokuwa, na nani aliihakiki. Usinukuu namba kutoka kwenye ripoti iliyoinukuu kutoka ripoti nyingine. Panda mto mpaka chemchemi. Ukifika chemchemi ukaikuta kavu, yaani ripoti ya kwanza haisemi imeipata wapi, iondoe namba hiyo, hata kama ni tamu. Daftari hili huchukua kama dakika tano kwa kila namba. Faida yake huonekana siku mtafiti mkuu anapopiga simu akiwa ndani ya kamati, akinong'ona, akitaka kujua hii asilimia imetoka wapi, na wewe ukamjibu kabla hajamaliza swali.

Uwandani ndiko namba huzaliwa, na huko msaidizi ndiye mkunga. Madodoso mengi yanayoletwa kanda ya ziwa yametungwa yakimfikiria mkulima mwenye nyumba, mke, watoto na chungu kimoja. Kwa maana ya kitakwimu, kaya ni watu wanaoishi pamoja na kula pamoja. Ipeleke maana hiyo kwenye kambi ya wachimbaji mkoani Geita, Nyarugusu au Lwamgasa. Vijana sita wanalala banda moja la turubai. Wanakula kwa mama lishe, kila mmoja kwa deni lake. Wawili wana wake na watoto Kishapu, Shinyanga, na wanawatumia fedha kwa simu pale duara, yaani shimo la kuchimbia, linapotoa. Hiyo ni kaya moja, kaya sita, au ni vipande vya kaya zilizoko kwingine? Ukiamua moja, kambi inaonekana haina watoto wala wategemezi. Ukiamua nyingine, fedha ile ile inahesabiwa mara mbili, machimboni na Kishapu. Hakuna jibu linalofaa kila utafiti, lakini kuna kosa linalofaa kukemewa kila mahali, nalo ni wadadisi kumi kuamua kila mmoja kivyake. Msaidizi akiliona hilo siku ya majaribio ya dodoso, alete maamuzi mezani, kanuni iandikwe, na wote waifuate.

Swali la kipato ni gumu zaidi. Kishikwambi kinauliza: kwa mwezi unapata shilingi ngapi? Mchimbaji hana mwezi; ana mgao. Wanaweza kushuka duarani wiki nane wakifuata mkanda bila kupata kitu, wakila kwa mkopo wa mfadhili wa duara, kisha wiki ya tisa mawe yakatoka. Tuseme vimetoka viroba 100. Mwenye leseni anachukua fungu lake, mwenye duara fungu lake, gharama za matimba (magogo ya kuegemeza kuta za shimo) na chakula zinakatwa, na kinachobaki ndicho wachimbaji wanagawana. Viroba vinakwenda karasha kusagwa, kisha mwaloni kuoshwa, na bado kuna marudio, yale mabaki yaliyokwisha kuoshwa ambayo bado yana dhahabu ya kuchenjuliwa, na mara nyingi hayo si ya mchimbaji tena. Ukimlazimisha mtu huyu aseme namba ya mwezi atakupa moja ili umwache aendelee na kazi, na wewe utaondoka na shilingi safi kwenye safu safi, isiyomaanisha kitu. Ni bora uulize anavyohesabu yeye: mgao wa mwisho ulikuwa lini, ulipata viroba vingapi, ulikuwa umekaa muda gani bila mgao, deni lilikuwa kiasi gani. Kisha ukokotoe mwenyewe. Ndivyo ilivyo kwa mkulima wa pamba, ambaye mwaka wake umejaa siku chache za mauzo na miezi mirefu ya kusubiri. Anayejua Kisukuma ana hazina hapa, maana mzee aliyeamkiwa kwa mwangaluka asubuhi au mwadila jioni hufungua mlango ambao Kiswahili cha ofisini hubisha tu. Lakini tafsiri ya dodoso isifanywe papo kwa papo na kila mdadisi. Iandikwe, isomwe kwa sauti mbele ya wote, irekebishwe, ndipo muingie kijijini.

Msaidizi anapaswa pia kuuliza ni kitu gani hakijahesabiwa kabisa, na kwa hili Shinyanga ina somo ambalo halihitaji dhahabu. Miti ilikatwa kwa miongo mingi, mbung'o wakiwindwa kwa kufyeka vichaka na pamba ikitafuta nafasi, hadi mkoa ukaanza kuitwa jangwa. Mwaka 1986 mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulianza, na badala ya kung'ang'ania miche ya kigeni ukarudi kwenye ngitili, desturi ya Wasukuma ya kufunga eneo la malisho ili lijirudishe. Ngitili zilizokuwa zimebaki takribani hekta 600 zikafika zaidi ya hekta 300,000 mwanzoni mwa miaka ya 2000. Hata hivyo, machoni pa mpangaji wa bajeti ngitili ilikuwa ardhi iliyolala. Utafiti ulioongozwa na Profesa Gerald Monela na kuchapishwa mwaka 2005 uliwauliza wanavijiji wanachokipata humo: kuni, nguzo, malisho, asali, dawa, matunda, nyasi za kuezekea. Jumla ikawa kama dola 14 kwa mtu kwa mwezi, wakati wastani wa matumizi ya mtu wa vijijini nchini ulikuwa dola 8.5. Ardhi iliyolala ikaamka kwenye karatasi. Namba hiyo haikuwepo mpaka mtu alipoketi na kina mama na kuwauliza bei ya mzigo wa kuni. Na bado anayeijua kwao atauliza swali la pili: wastani huo umegawanyikaje kati ya mwenye ngitili kubwa na asiye nayo? Wastani hauli chakula. Watu ndio wanaokula.

Namba pia ina wenyewe, nao ni waliohojiwa. Taratibu za kuingia kijijini si urasimu wa kuvumiliwa tu. Kibali cha utafiti kwa kawaida hupitia Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, au chuo chenye kuidhinisha watafiti wake. Utafiti wa afya hupitia pia kamati ya maadili ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR. Baada ya hapo barua hushuka kwa ngazi: katibu tawala wa mkoa, wa wilaya, mkurugenzi wa halmashauri, mtendaji wa kata, mtendaji wa kijiji, mwenyekiti wa kitongoji. Kila ngazi ina muhuri wake na maswali yake, na siku mbili za kuzunguka maofisini ziwekwe kwenye bajeti tangu mwanzo. Zaidi ya ruhusa kuna ridhaa, na hizo si kitu kimoja. Mtendaji anaweza kukuruhusu uingie kijijini. Hawezi kumkubalia mtu kuhojiwa kwa niaba yake. Machimboni, mwenye leseni akisimama karibu wakati kibarua wake anahojiwa kuhusu mgao, ridhaa ya maneno ipo na ukweli haupo. Tangu Mei 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inafanya kazi, hivyo majina, namba za simu na alama za mahali zitenganishwe na majibu, zifungwe kwa nywila, na zisitumwe kwenye kundi la WhatsApp la timu hata kama ndiyo njia ya haraka. Katika eneo ambalo wazee wa macho mekundu wamewahi kuuawa kwa tuhuma za uchawi, na watu wenye ualbino kuwindwa, orodha ya majina iliyopotea inaweza kumgharimu mtu maisha.

Msomaji makini atakuwa na mapingamizi, na ya kwanza ni kwamba msaidizi ni msaidizi; hana mamlaka ya kumwambia profesa au mkurugenzi kwamba namba yake ni mbovu. Ni kweli hana mamlaka, lakini ana karatasi. Usiseme, «Profesa, umekosea.» Weka ukurasa wa chanzo mezani na uulize, «Profesa, naomba mwongozo: hapa mipaka ni ya zamani, tuandikeje?» Heshima haipungui, na kosa linasahihishwa na mwenye mamlaka kwa mkono wake mwenyewe. Ukiambiwa liachwe lilivyo, andika kwenye daftari la asili tarehe uliyouliza na jibu ulilopewa. Hilo si uchongezi. Ni kumbukumbu ya kazi. Na ukishurutishwa kutunga majibu ya madodoso ambayo hayakujazwa, hapo hakuna lugha ya adabu inayotosha: kataa, kwa sababu kosa hilo halina anayeweza kulirekebisha baadaye.

Pingamizi la pili ni la muda. Ripoti ina tarehe, mfadhili anasubiri, na anayehoji kila namba hatamaliza. Jibu ni kutohoji zote kwa nguvu sawa. Ripoti ya kurasa 60 husimama juu ya namba tano au sita. Ndizo zitakazoingia kwenye muhtasari, kwenye gazeti na kinywani mwa mbunge. Hizo zipandishe mto zote hadi chemchemi. Zilizobaki zipate mstari kwenye daftari na zipite. Pingamizi la tatu ni kali zaidi: watunga sera hawasomi, wanaamua kwa siasa, basi usahihi wote huu ni wa nini? Siasa ipo na haitaondoka. Lakini tazama nchi ilivyoichukulia namba. Mwaka 2018 Bunge lilirekebisha Sheria ya Takwimu ya 2015 na kufanya kosa kusambaza takwimu zinazolenga kupotosha au kubatilisha zile rasmi, na mwaka 2019 likakiondoa kipengele hicho. Hakuna anayetunga sheria kuzuia kitu kisicho na nguvu. Tena mazingira kama hayo yanamtaka mtafiti asiye wa serikali awe mwangalifu zaidi: aeleze njia yake wazi, aseme sampuli yake inawakilisha nani, na asitangaze kuwa cha mkoa mzima alichokipima kwenye vijiji vinne.

Kuna pia ukweli kwamba utafiti mwingi husomwa na wachache kwa sababu huletwa kwa saa isiyo yake. Mwaka wa fedha huanza Julai 1. Taarifa ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali huwasilishwa kwa Rais mwishoni mwa Machi, na Bunge la bajeti huketi kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni. Makisio ya halmashauri hupikwa miezi kadhaa kabla ya hapo, na hupitishwa na baraza la madiwani. Vilevile, tangu marekebisho ya 2017, mwenye leseni ya madini hutakiwa kuandaa kila mwaka mpango wa kuchangia jamii na kukubaliana na halmashauri kuhusu mpango huo. Muhtasari wa kurasa mbili kuhusu vyoo vya shule za kata zinazozunguka mgodi, ukimfikia ofisa mipango kabla ya kikao cha makubaliano hayo, unafanya kazi ambayo ripoti nene ya Agosti haiwezi kuifanya. Kurasa hizo mbili ziandikwe kwa Kiswahili kinachosomeka kwa sauti kwenye kikao, zikianza na uamuzi unaopendekezwa, kisha namba mbili au tatu, kisha gharama. Na wananchi waliohojiwa wapate nakala yao. Malalamiko yanayosikika vijijini, kwamba mnakuja, mnaandika, mnaondoka, ni deni halali. Mkutano mmoja wa kurudisha majibu hulipa sehemu yake, na hutoa zawadi isiyotarajiwa: wenyeji huona kosa ambalo kompyuta haikuliona.

Mwisho niseme kuhusu riziki, maana ushauri usiogusa mfuko ni nusu ya ushauri. Kazi hii mara nyingi ni ya mikataba mifupi, posho za uwandani, na miezi ya katikati isiyo na kitu. Soma hadidu za rejea kabla ya kutia saini: nani analipa nauli na bima, siku ya mvua inahesabiwaje, jina lako litatajwa wapi kwenye ripoti. Jifunze programu moja ya takwimu kwa undani kuliko tatu kwa juu juu, na ukusanyaji wa takwimu kwa simu, kwa sababu hayo ndiyo waajiri hukagua kwanza. Lakini programu kila mtu anaweza kujifunza kwa miezi michache. Kinachoadimika ni mtu anayejua kwamba magwangala ni mabaki ya mawe ya mgodi mkubwa na kwa nini wanakijiji wameyagombea, anayejua tofauti ya mwenye leseni na mwenye duara, anayejua mwezi gani pamba inauzwa, na anayeweza kuyageuza hayo kuwa safu za jedwali ambazo mgeni wa Dodoma atazielewa. Wapo watakaosema mwenyeji hupendelea kwao, na ni kweli mapenzi hupofusha. Dawa yake ni daftari lile lile la asili, linalomruhusu yeyote, mwenyeji au mgeni, kurudia njia yako na kuona kama unafika ulikofika.

Rudi kwenye yale majedwali mawili ya sensa. Kilichotakiwa pale ni tanbihi ya mstari mmoja: takwimu za 2002 ni za mipaka ya zamani. Maneno machache, herufi ndogo, chini ya jedwali. Hakuna atakayekupongeza kwa hayo. Ila mkutano utakapofika kwenye ukurasa huo, na mtu akainua mkono kuuliza hao watu milioni moja na ushee walikwenda wapi, mwenzake atamwonyesha tanbihi kwa kidole, na kikao kitaendelea na bajeti ya maji.